Pasipoti Ikiisha Ughaibuni, Kazi Huanzia Nyumbani

Katika vijiji vya Migori na Homa Bay si vigumu kukuta boma lenye mtu aliye mbali. Huyu ni mlinzi Doha, yule ni mfanyakazi wa nyumbani Riyadh, mwingine muuguzi Uingereza, na wapo waliovuka tu mpaka wa Tanzania pale Sirare wakafungua duka Tarime au Musoma. Kila mmoja wao anategemea kitabu kidogo chenye tarehe ya mwisho. Tarehe hiyo inapokaribia, simu hupigwa nyumbani: nitafutieni cheti changu cha kuzaliwa, nipigieni picha kitambulisho cha baba, mwulizeni chifu kama barua bado anaandika.

Tunapozungumzia kuhuisha pasipoti ughaibuni, lawama huelekezwa ubalozini: miadi isiyopatikana, foleni, simu isiyopokelewa. Malalamiko hayo yana msingi. Lakini ukiyafuata maombi ya mtu mmoja tangu mwanzo hadi mwisho, utaona kwamba ubalozi ni kituo cha katikati. Mbele yake kuna mitambo ya kuchapisha iliyoko Nairobi. Nyuma yake kuna karatasi zilizoandikwa, au ambazo hazikuandikwa, Ndhiwa, Suba, Kuria na Rongo miaka mingi iliyopita. Anayetaka mambo yanyooke London au Dubai hana budi kuanza na karatasi hizo.

Kutoka hiari hadi haki

Watu wa pwani hii ya Ziwa Victoria wamesafiri mbali tangu zamani. Tom Mboya, ambaye kwao ni kisiwa cha Rusinga, ndiye aliyeongoza mpango wa kuwapeleka vijana kusoma Marekani, na ndege ya kwanza ikaondoka Septemba 1959 ikiwa na wanafunzi 81. Mwaka huohuo Barack Obama mkubwa, mzaliwa wa Kanyadhiang karibu na Kendu Bay, alienda kusoma Hawaii. Vijana hao walisafiri kwa hati za koloni. Kupewa au kunyimwa hati kulitegemea jinsi wakubwa walivyomtazama mwombaji.

Uhuru haukuondoa mtazamo huo mara moja. Mwaka 1983, katika kesi iliyoletwa na John Harun Mwau, Mahakama Kuu iliona kwamba kutoa pasipoti ni hiari ya serikali. Kwa miaka mingi mwanasiasa aliyegombana na wakubwa alijua kwamba kitabu chake kingeweza kuchukuliwa wakati wowote.

Katiba iliyotangazwa rasmi tarehe 27 Agosti 2010 ilibadilisha mambo. Kifungu cha 12 kinasema kila raia ana haki ya kupata pasipoti ya Kenya na hati nyingine za utambulisho. Kifungu cha 14 kinamfanya mtoto kuwa raia wa kuzaliwa ikiwa baba au mama yake ni raia, awe amezaliwa Kenya au nje. Kabla ya hapo, mtoto aliyezaliwa nje ya nchi alipata uraia kupitia kwa baba tu. Kifungu cha 16 nacho kinasema raia wa kuzaliwa hapotezi uraia wake kwa kuchukua uraia wa nchi nyingine.

Haki iliyoandikwa bado hulazimika kupiganiwa. Miguna Miguna, wakili na mwanasiasa mzaliwa wa Nyando, alifukuzwa nchini Februari 2018 akapelekwa Canada, serikali ikidai kwamba aliupoteza uraia alipochukua uraia wa nchi hiyo. Desemba mwaka huo Mahakama Kuu iliamua kwamba alikuwa bado raia wa kuzaliwa. Hata hivyo hakurudi nchini hadi Oktoba 2022, baada ya utawala kubadilika na pasipoti yake kuhuishwa. Yeye alikuwa na mawakili na jina linalojulikana. Mfanyakazi wa nyumbani aliyeko Dammam hana hata kimoja kati ya hivyo, ila haki yake ni ileile.

Njia ya maombi

Kenya ilianza kutoa pasipoti ya kielektroniki ya Jumuiya ya Afrika Mashariki tarehe 1 Septemba 2017. Kitabu hicho kina kipande cha kielektroniki kinachohifadhi sura na alama za vidole vya mwenyewe, na ndiyo maana maombi hayawezi kukamilishwa kwa kutuma fomu tu. Mwombaji hujaza fomu kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, hulipa, huchapisha, kisha hufika mwenyewe mahali penye mashine ya kuchukua alama. Huja na pasipoti ya zamani, kitambulisho cha taifa, picha na fomu iliyojazwa na mdhamini.

Mwanzoni mashine hizo ziliwekwa katika balozi chache za nje, kama vile Washington, London, Berlin, Dubai na Pretoria. Aliyeishi mbali na miji hiyo alilazimika kuomba likizo, kukata tiketi na kulala hotelini ili aweke vidole juu ya kioo kwa dakika chache. Baadaye balozi zilianza kupeleka maafisa na mashine katika miji mingine kwa siku maalumu. Huo ni msaada mkubwa kwa wanaosikia habari mapema. Kwa asiyepata habari, nafasi hupita na yeye yuko kazini.

Kwa kuwa kitabu chenyewe huchapishwa Nairobi, tatizo la Nyayo House, makao makuu ya Idara ya Uhamiaji, humfikia mtu popote alipo. Hilo lilionekana wazi mwaka 2023. Mitambo ya uchapishaji iliharibika, vitabu vitupu vikaadimika kwa sababu ya madeni, na maombi yakarundikana. Maafisa kadhaa walikamatwa kwa tuhuma za kudai hongo, na Kithure Kindiki, aliyekuwa Waziri wa Usalama wa Ndani, alizuru ofisi hiyo mara kadhaa akiahidi kuisafisha. Mashine mpya zililetwa na kufikia 2024 mrundiko ulikuwa umepungua sana. Lakini kuna walioshindwa kuanza kazi walizokwisha kupewa, na wapo waliobaki ugenini na kitabu kilichokufa.

Gharama nayo ilipanda. Kuanzia Machi 2024, kitabu cha kurasa 34 kinacholipiwa nchini kilitoka shilingi 4,550 hadi 7,550, na kile cha kurasa 66 kikatoka 7,550 hadi 12,550. Balozi hutoza kwa fedha za kigeni, na juu yake mwombaji huongeza nauli na siku ya kazi iliyopotea. Kwa anayelipwa mshahara wa kazi za nyumbani katika nchi za Ghuba, jumla hiyo inaweza kumeza fedha alizokusudia kutuma nyumbani kwa karo.

Karatasi zilizobaki kijijini

Hapa ndipo penye uzito wa jambo hili kwa watu wa Migori na Homa Bay. Chukua mfano wa mwanamke aliyezaliwa Ndhiwa katikati ya miaka ya 1980. Mama yake alijifungulia nyumbani mikononi mwa mkunga wa kijiji, na hakuna aliyeenda kumwandikisha. Nyumbani aliitwa Atieno kwa kuwa alizaliwa usiku. Kanisani alibatizwa Millicent, na shuleni mwalimu akaandika jina hilo kwa herufi l moja. Kitambulisho kikatoka na jina la babu pale palipotarajiwa jina la baba. Alipoolewa Oyugis akaongeza jina la mume. Mwaka 2018 wakala wa kazi za Ghuba akamharakishia pasipoti, akitumia majina mawili tu kati ya hayo na cheti cha kuzaliwa kilichotafutwa haraka haraka.

Miaka yote hiyo hakuna aliyelalamika kuhusu majina yake. Siku ya kuhuisha inapofika ndipo majina yote yanapokutana mbele ya afisa mmoja. Afisa anaona cheti kinasema hivi, kitambulisho kinasema vile, na ombi linawekwa kando. Dawa yake ni hati ya kiapo, au kusahihisha kumbukumbu za kitambulisho, au kubadilisha jina kisheria. Karibu yote hayo hufanyika Kenya, na kuhitaji mtu wa kuzunguka ofisi kwa niaba yake.

Mtu huyo kwa kawaida ni mama au dada. Anatoka nyumbani na mfuko wa plastiki wenye kadi ya ubatizo, cheti cha kumaliza shule ya msingi, nakala za vitambulisho vya wazazi na barua ya chifu. Anapanda pikipiki hadi barabara kuu, kisha matatu hadi mjini. Msajili akimwambia kitambulisho cha marehemu baba hakisomeki, anarudi kijijini kutafuta mzee anayeweza kuthibitisha nasaba. Huyu mama hatajwi katika mwongozo wowote wa ubalozi, lakini bila yeye ombi la bintiye haliendi popote.

Kuna pia kikwazo cha simu. Akaunti nyingi za eCitizen zilifunguliwa kwa laini za Kenya, na neno la siri la kuthibitisha hutumwa huko. Laini isiyotumika kwa muda mrefu huzimwa, na mwenyewe anafungiwa nje ya akaunti yake. Wengine akaunti zao zilifunguliwa na mhudumu wa saiba ambaye ndiye pekee aliyelijua neno la siri, na saiba yenyewe ilishafungwa.

Katika pengo hilo madalali huota. Dalali huahidi kumalizana na watu wa ndani, huchukua picha za kitambulisho na pasipoti, hupokea fedha kwa M-Pesa, kisha husema mambo yanashughulikiwa. Hasara haiishii kwenye fedha. Nakala za hati za mtu zikishazagaa mikononi mwa asiowajua, zinaweza kutumiwa kwa mkopo au usajili asioufahamu.

Ughaibuni si mahali pamoja

Kosa jingine ni kuwaweka Wakenya wote wa nje katika kapu moja. Mahitaji yao yanatofautiana sana.

Katika nchi za Ghuba, pasipoti mara nyingi haiko mkononi mwa mwenyewe. Sheria za Saudi Arabia zinamkataza mwajiri kushikilia pasipoti ya mfanyakazi, lakini wengi huishikilia. Mfanyakazi hawezi kuhuisha asichokiona, wala hawezi kufika ubalozini bila ruhusa ya kutoka nyumba anayofanyia kazi. Hata akipata kitabu kipya, namba yake ni tofauti na ya zamani, na mwajiri ndiye anayetakiwa kuisasisha katika mfumo wa serikali unaobeba kibali cha ukaazi. Kibali kikiisha kwa sababu ya uzembe wa mwajiri, anayeonekana mkosaji ni mfanyakazi.

Uingereza, Ulaya na Marekani kitabu huwa mkononi mwa mwenyewe, na tabu iko kwenye muda na viambatisho. Nchi nyingi na mashirika ya ndege hutaka pasipoti iwe na angalau miezi 6 iliyobaki, hivyo kitabu cha miaka 10 kwa kweli hutumika kwa uhakika miaka 9 na nusu. Uingereza sasa inatunza vibali vya ukaazi kwa njia ya kielektroniki, na aliyebadilisha pasipoti asipoisasisha akaunti yake anaweza kuzuiwa kupanda ndege ya kurudi kazini. Waliochukua uraia wa huko nao wana wajibu wao: sheria ya uraia na uhamiaji ya mwaka 2011 inamtaka raia wa Kenya kutangaza uraia wake wa pili ndani ya miezi 3, na kutofanya hivyo ni kosa. Aliyeacha pasipoti ya Kenya ife akaja na ya kigeni, tangu Januari 2024 anaingia nchini mwake kama mgeni, akiomba idhini ya kusafiri mtandaoni na kulipia dola 30.

Kundi la tatu husahauliwa kabisa: walio ng'ambo ya mpaka tu. Ardhi ya Wakuria imekatwa na mstari unaopita kati ya Isebania na Sirare, na Wajaluo wako Migori na wako Rorya. Mtoto wa Muhuru Bay anaweza kuzaliwa katika hospitali ya Shirati, Tanzania, kwa sababu ndiyo iliyokuwa karibu usiku ule. Tangu 2014 Kenya, Uganda na Rwanda zimekubali raia wao wavuke kwa kitambulisho cha taifa. Tanzania haikuingia katika mpango huo, kwa hiyo mkazi wa Migori anayefanya biashara Musoma huhitaji pasipoti au hati ya muda.

Ubalozi wa Kenya nchini Tanzania uko Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Sirare. Mkenya wa Tarime ana akili anapopuuza ubalozi na kurudi Kisii au Kisumu, ambako ofisi za pasipoti zimewahudumia watu wa kusini mwa Nyanza. Kwake yeye, kuhuisha pasipoti ughaibuni ni safari ya kurudi nyumbani. Ila anavuka na maswali: cheti chake cha kuzaliwa ni cha Tanzania, lafudhi yake ni ya pande zote mbili, na katika kaunti za mpakani maafisa wamezoea kuhoji zaidi. Akiwa alijiandikisha pia upande wa pili ili apate huduma, hatari ni kubwa, kwani Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa raia wa nchi mbili.

Msiba unapoingia

Uzito wa pasipoti iliyokwisha huonekana zaidi siku ya msiba. Kwa Wajaluo mazishi hufanyika nyumbani, penye boma la ukoo, na nafasi ya mtoto wa kwanza kando ya kaburi la mzazi wake haijazwi na mtu mwingine. Aliyeko nje na kitabu kilichokufa anaweza kupewa na ubalozi cheti cha dharura cha kusafiria. Cheti hicho kinamfikisha Nairobi, na kazi yake inaishia hapo. Kurudi kazini kunahitaji pasipoti mpya, na visa au kibali kilichounganishwa nayo. Kwa mwenye likizo ya siku chache, kuja kuzika kunaweza kumaanisha kupoteza ajira inayowalisha waliobaki.

Ndiyo maana wapo wanaotazama mazishi ya wazazi wao kwenye simu, wakiwa wamelipia jeneza, hema na chakula cha waombolezaji. Huu ni uchungu ambao serikali inaweza kuupunguza kwa gharama ndogo, kwa kuwa na utaratibu wa haraka wa pasipoti kwa waliofiwa, unaoanzia ubalozini na kumaliziwa Kisumu au Kisii wakati mwombolezaji yuko nyumbani.

Fedha za watu hawa taifa limezizoea. Mwaka 2024 Wakenya walio nje walituma nyumbani zaidi ya dola bilioni 4.9, Marekani ikiwa chanzo kikubwa kuliko vyote na Saudi Arabia ikiwa katika safu za mbele. Tangu 2022 kuna Idara ya Serikali inayoshughulikia Wakenya wa ughaibuni. Ni haki kuuliza kwa nini anayetuma fedha hizo aombe kitabu chake kama anayeomba fadhila.

Mambo yanayowezekana

La kwanza ni kuhamisha nguvu kutoka ubalozini hadi kwenye usajili. Vituo vya Huduma vya Migori na Homa Bay vinaweza kuwa na dawati moja la familia za walio nje, ambapo mama wa Ndhiwa anapokewa mara moja tu: cheti cha kuzaliwa, masahihisho ya jina na nakala zilizothibitishwa, vyote mahali pamoja. Wasajili waende pia Mbita, Muhuru Bay na Kehancha kwa siku zinazotangazwa kanisani na barazani.

La pili ni mpaka. Isebania tayari kuna kituo cha pamoja cha forodha na uhamiaji. Mashine moja ya kuchukua alama ikiwekwa hapo ingewahudumia Wakenya wa mkoa wote wa Mara, Tanzania, bila safari ya Dar es Salaam.

La tatu ni muda wa kisheria. Haki isiyo na tarehe ya kutekelezwa hubaki ahadi. Idara ya Uhamiaji ipewe idadi ya siku, na mwombaji aelezwe kwa maandishi ombi lake limekwama wapi na kwa nini. Neno "linashughulikiwa" halimsaidii mtu ambaye kibali chake kinaisha Ijumaa.

Haraka ya mambo haya inatokana na kalenda. Pasipoti za kwanza za kielektroniki zilitolewa Septemba 2017 kwa miaka 10, kwa hiyo zitaanza kufa Septemba 2027, na kwa kanuni ya miezi 6 zitaanza kukataliwa Machi 2027. Baada ya hapo yatafuata maelfu yaliyotolewa kwa pupa wakati tarehe ya mwisho ya vitabu vya zamani ilipokuwa ikisogezwa kila mara, hadi ilipofungwa tarehe 30 Novemba 2022. Mwaka 2027 ni wa uchaguzi pia, na ofisi za serikali zitakuwa na shughuli nyingine. Mrundiko wa 2023 ulisababishwa na mashine mbovu na madeni. Huu unaokuja una tarehe inayojulikana, na hautakuwa na kisingizio.

Familia nazo zina sehemu yao. Wanaorudi Desemba watenge siku moja ya kuketi na wazazi na kulinganisha majina katika cheti, kitambulisho na pasipoti, herufi kwa herufi, wakati wazee wanaokumbuka bado wako hai. Wenye kitabu kilichobakiza mwaka mmoja wakihuishe Kisumu au Kisii kabla ya kupanda ndege, kwa bei ya nyumbani na bila kuomba ruhusa kwa mwajiri. Akaunti ya eCitizen iwe kwa namba ambayo mwenyewe anaitumia, na neno la siri liwe lake. Na mtoto aliyezaliwa wiki hii Macalder, Sori au Kendu Bay aandikishwe sasa hivi, kwa jina moja atakalolibeba hadi popote atakapofika.